Nitarudi Jumatatu

Saa tisa kasorobo usiku, simu ya Wanjugu wa Mauzo:
"Barua haziendi, haziji. Ukurasa unazunguka tu
kama kuku aliyekatwa kichwa.
Na zabuni inafungwa leo Jumatatu, saa nne."
Sikumuuliza kwa nini yuko macho.
Sisi wa mitambo hatuulizi, tunavaa viatu.

Barabara ya Lusaka ilikuwa imelala chali,
harufu ya sabuni ikivuja kutoka kiwanda jirani.
Ekiru mlinzi akanifungulia lango dogo,
blanketi begani, na swali lake la kila mara:
"Imekufa, au imezirai tu?"

Chumba cha seva kilikuwa stoo ya rangi.
Lipo bado tone la bluu sakafuni, halifutiki,
na feni inayolia upande mmoja.
Nikakalia ndoo ya lita ishirini, nikaingia.

Nilianza na ya kawaida,
kama tabibu anayeshika kifundo cha mkono.
Umeme upo. Faiba ipo.
Cheti kina siku kumi na tisa za kuishi.
Nywila ya Wanjugu inakubali
(alinitajia mwenyewe simuni, Mungu amsamehe,
jina la mwanawe na mwaka; hilo tutalizungumza).
Diski: asilimia mia.

Mia. Si tisini na tisa.
Nyumba imejaa hadi kizingitini,
mgeni hana hata pa kutia mguu.

Na foleni: barua elfu sitini na mbili,
zote za watu wawili.

Mmoja ni mtambo wa wauza mikebe wa Athi River,
wameufunga Ijumaa, bado wanauringia:
*Asante kwa kutuandikia. Ujumbe wako umetufikia.*
Wa pili ni Kasyoka wa Ununuzi:
*Niko likizo, nitarudi Jumatatu.
Kwa jambo la haraka, mwone Mumo.*

Asante kwa kutuandikia.
Niko likizo.
Ujumbe wako umetufikia.
Nitarudi Jumatatu.

Siku tatu, bila pumzi, bila kikohozi,
wakiamkiana kama wakwe
ambao hakuna anayethubutu kumaliza salamu.

Kasyoka tulimzika Mwala, mwezi wa tatu, mvua ikitunyeshea.
Likizo alienda kweli, siku tano, kutolewa uvimbe.
"Kitu kidogo," alisema,
akaacha kikombe chake mezani bila kukiosha.
Mumo naye aliacha kazi.
Na fomu ya kufunga akaunti ililetwa kwangu.
Niliitia chini ya kibodi. Kesho, nikasema.
Kesho ikazaa kesho, nazo zikazaa wajukuu,
na muda wote huo yeye anamjibu kila amwandikiaye,
kwa adabu, kwa nukta na mkato mahali pake,
na hakuna aliyekuja kuniambia.

Nikaisimamisha foleni. Nikafuta.
Amri yenyewe ni fupi kuliko jina lake.
Diski ikashusha pumzi: themanini, sitini, arubaini na moja.
Feni ikabadili sauti.

Ilibaki alama moja ya tiki ya kuondoa.
Kabla sijaiondoa nikamwandikia,
kutoka anwani yangu, neno moja: *Imepona.*
Sekunde mbili. Labda tatu.
Akajibu.

Nikaondoa tiki.

Fomu ilikuwa na duara la chai.
*Sababu ya kufunga*, visanduku vitatu:
amejiuzulu, amefutwa, amehamishwa.
Nikachora cha nne kwa kalamu,
nikakosa la kuandika, nikatia sahihi hivyo hivyo.

Simu tena. Wanjugu.
"Zimeingia mia mbili kwa mpigo! Sasa nianze na ipi?"
Nikamwambia abadilishe nywila kwanza.
Nje, Ekiru alikuwa anakunja blanketi.